Kampuni ya Ng'ambo Imedai Wimbo wa Marehemu Tata

Mama Christabel mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Marani. Nilianza kukusoma kwa bahati tu, kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa mandazi, na tangu siku hiyo mwenye kioski huniwekea ukurasa wako kabla haujashika mafuta. Nimeona ukiwasaidia watu wa ndoa na watu wa kugombania mashamba, na shida yangu mimi hata sijui niiiteje, lakini sina mwingine wa kumwandikia, kwa hivyo tafadhali nisome mpaka mwisho hata nikizunguka, na majina uyabadilishe.

Mimi ni fundi wa nguo, nimeolewa hapa Marani, lakini nilizaliwa upande wa Kenyenya. Baba yetu, ambaye tulimwita Tata kama Wagusii wote wanavyoita baba, alikuwa Mwalimu Thadeus, na huo ualimu haukuwa wa shule, ulikuwa wa kwaya ya kanisa letu la Sabato. Alifundisha kwaya kabla sijazaliwa, na nyimbo alizotunga zinaimbwa mpaka Nyamira, ila waimbaji wa huko hawajui ni zake kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka wajue. Kwetu mtu wa kanisa akijitaja kwamba wimbo ni wake anaonekana ana majivuno, anamnyang'anya Mungu utukufu. Kwaya ilipoenda Kisii mjini kurekodi albamu, yule aliyekuwa anatengeneza karatasi ya juu ya CD akamuuliza Tata aandike mtunzi ni nani, na Tata akamwambia andika Roho Mtakatifu. Ndivyo ilivyochapishwa mpaka leo, nyimbo zote, "Mtunzi: Roho Mtakatifu", na chini yake ni sisi tukiwa na sare ya zambarau niliyoishona mwenyewe. Tulipomtania Tata kuhusu hilo alisema yeye ni bomba tu, maji si yake.

Studio ile ni ya Geoffrey, na Geoffrey ni kaka mkubwa wa mume wangu Makori. Hilo ulishike, Mama, maana ndilo linalonichoma.

Tata alitutoka mwaka huu wakati wa mvua kubwa. Kifungua mimba wetu, kaka yangu Duke, yuko Amerika, na karatasi zake za kukaa huko bado zinashughulikiwa, wakili wake akamwambia wazi kwamba akitoka sasa hatarudi. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini, na wengine wote husubiri mkono wake. Wazee wakakaa, wakaamua Baba mdogo atupe kwa niaba yake, lakini kwanza aite jina la Duke kwa sauti ili waliopo wote wajue udongo huo ni wa nani, na Duke awe anatazama kwa simu kupitia chaneli ya kanisa letu mtandaoni. Duke alikubali. Aliniambia huko kwao kutakuwa hakujapambazuka, lakini atavaa suti na kufunga tai, atakaa chumbani kwake kama mtu aliye matangani.

Wimbo wa kaburini ulikuwa "Nitavuka Gucha", ambao Tata aliutunga baada ya mto huo kumchukua rafiki yake wa ujana. Wimbo wenyewe huanzishwa na sauti moja kisha kwaya inaitika, na aliyeanzisha siku zote alikuwa Tata. Siku ya maziko kila mmoja aliogopa kusimama mahali pake. Mwalimu msaidizi akasema, basi tuweke ile CD, Mwalimu aanze mwenyewe na sisi tumwitikie. Mama Christabel, nilisikia sauti ya baba yangu ikitoka kwa spika na sanduku lake liko mbele yangu kwenye kamba, nasi tukamwitikia kama tulivyomwitikia miaka yote, na wanaume ambao sijawahi kuwaona wakilia walilia. Nilimshukuru Mungu moyoni kwamba Duke naye anasikia.

Kumbe Duke hakuwa anasikia. Mpiga video wetu, Okinyi, mtu wa Homa Bay anayefanya kazi hii Kisii mjini, aliona skrini imekuwa nyeusi na maandishi yametokea kwamba matangazo yamesimamishwa kwa sababu yana wimbo unaomilikiwa na kampuni fulani ya ng'ambo. Mashine ilimtambua Tata kwa sauti yake, ikasema ni mali ya kampuni. Okinyi akahangaika kuanzisha upya, ikakataa, na wakati huohuo Baba mdogo alikuwa ameshika udongo mkononi, akaita, "Duke, mwana wa Thadeus, huu ni mkono wako," akatupa, na sisi tukafuata bila kujua. Geoffrey alikuwepo karibu na spika. Nilimwona akiinama kuangalia simu ya Okinyi, akasoma, kisha akaondoka polepole kuelekea kwenye migomba bila kumwambia mtu neno.

Jioni Duke aliniandikia maneno matatu tu, "Mbona mmenikatia pale?" Nami kwa kuchanganyikiwa nikamtumia picha ya yale maandishi ya kampuni ajionee mwenyewe. Tangu siku hiyo ananijibu kwa neno mojamoja, na mama yetu Bochaberi akimpigia husema yuko kazini, mama anabaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatika.

Tulijaribu kuweka video nzima ya maziko kwenye chaneli ili angalau atazame baadaye, ikaondolewa. Nikaandika kupinga, nikaeleza kwamba wimbo ni wa marehemu mwenyewe aliye ndani ya sanduku, na jibu likaja kwamba kampuni imethibitisha madai yake, wimbo umesajiliwa kihalali na mtunzi anajulikana. Kwenye nafasi ya mtunzi kulikuwa na jina la Geoffrey. Nilisoma mara nyingi nikidhani macho yangu yana makosa. Isitoshe, chaneli ya kanisa ikapewa onyo la pili, la kwanza likiwa la watoto wa shule ya Sabato walioimba juu ya muziki wa CD ya watu, na likija la tatu chaneli yote inafungwa, na ndani yake kuna maziko ya watu wa kanisa letu wote wa miaka hii, na familia zao hazina nakala nyingine.

Nilimwendea Geoffrey. Hakukana. Alisema alipoiweka albamu kwa ile kampuni inayosambaza nyimbo duniani, ukurasa ulimtaka ajaze mtunzi, jina la kwanza na jina la pili, na akaunti ya kutumiwa chochote kitakachopatikana, na Roho Mtakatifu haingii hapo, kwa hivyo akaweka lake ili kazi iende. Nikamuuliza mbona hakumwambia Tata. Akasema, "Shemeji, baba yako alisema mbele ya watu wimbo si wake. Mimi nilichukua cha nani?" Nikarudi nyumbani na swali hilo.

Sasa imebaki fomu moja tu ya kupinga. Inanitaka niandike jina langu kamili na mahali ninapokaa, niape kwamba madai yale ni ya makosa, na nikubali kwamba kampuni ikitaka inaweza kunishtaki katika mahakama ya Amerika. Mimi fundi wa Marani. Naogopa wataniita mahakamani nisikojua hata mlango, naogopa wataangalia ukoo wangu wamwone Duke na karatasi zake ziharibike. Mume wangu Makori ameniambia nikijaza fomu hiyo nitakuwa nimemshtaki kaka yake, na kwamba Geoffrey ndiye aliyetusimamia tulipokuwa hatuna kitu. Mama Bochaberi anasema nimwachie Nyasae, yaani Mungu, kwa sababu wimbo ulikuwa wake tangu mwanzo na Tata hangependa kelele juu ya kaburi. Hata Okinyi, ambaye bado ana kila kitu kwenye kadi ya kamera yake, anasema hataiweka tena popote mpaka jambo hili liishe, maana akaunti yake ndiyo ugali wake.

Usiku sipati usingizi na nikishona napinda mishono. Nijaze fomu niape, au ninyamaze Tata aendelee kuwa wa kampuni? Na kama Tata alisema ni wa Roho Mtakatifu, mimi nikiapa ni wake, si nitakuwa nimeapa uongo?

Ni mimi Binti wa Mwalimu, Marani.

MAMA CHRISTABEL ANAJIBU

Binti wa Mwalimu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini pale sauti ya mzee ilipotoka kwa spika. Na asante kwa kunijulisha kwamba ukurasa wangu unafunga mandazi. Ukurasa huo umewahi kufunga vitu vibaya zaidi.

Nitakupa pole tena mwishoni. Hapa katikati nitakukaripia, kwa hivyo kaa sawa.

Umeniandikia juu ya kampuni, mashine na mahakama ya Amerika, na kweli hayo mambo yapo na yanatisha. Sheria zile zilitungwa kuwazuia watu wanaoiba kazi za wengine na kuziuza, na sina ugomvi nazo. Lakini aliyezitia ndani ya mashine hakuwahi kufikiria maziko ya Kenyenya. Mashine haijui kilio. Inasikia wimbo, inauliza umesajiliwa kwa jina la nani, inafunga mlango. Haikumchukia baba yako wala kaka yako. Ilisoma jina ililopewa, basi.

Na jina hilo lilitolewa Kisii mjini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni haikuja Gusii kutafuta wimbo, ilipelekewa. Sasa nikuulize, mwanangu, na ujijibu kwa ukweli: unaogopa mahakama ya Amerika, au unaogopa sebule ya shemeji yako? Maana nimeona umefika mpaka ukingoni mwa kuapa mbele ya mahakimu usiowajua, lakini kwa Geoffrey ulienda mara moja, peke yako, akakuuliza swali moja ukarudi nyumbani.

Swali lake nitalijibu mimi. Alichukua cha nani? Alichukua cha Thadeus. Mtu akisema mbele ya kanisa kwamba shamba lake ni la Mungu, jirani haruhusiwi kusogeza alama za mpaka usiku ule. Baba yako alimshukuru aliyempa. Hakutoa idhini kwa mtu mwingine ajiandike. Geoffrey ni mtu wa studio, anajua tofauti hiyo kuliko wewe na mimi. Kama ukurasa ulikataa Roho Mtakatifu, mzee alikuwa hai na ana simu. Ni jambo la kumpigia na kumwambia, "Mwalimu, hawa watu wanataka jina la binadamu." Angecheka, halafu angetoa lake au angekataa albamu isiende. Vyovyote vile, uamuzi ulikuwa wake.

Nitamtendea haki Geoffrey pia. Simwiti mwizi. Siku ile alijaza jina ili kazi iende, na wengi wetu tumejaza vitu hivyo kwa haraka tukiwaza tutarekebisha baadaye. Kosa lake kubwa liko kwenye migomba. Alisoma yale maandishi kaburini, akajua papo hapo ni jina lake lililomfungia Duke macho, akaondoka kimya. Mwambie kwamba ulimwona. Mwambie mbele ya mama yako.

Kuhusu kiapo. Hapana, hutaapa uongo ukisema baba yako alitunga wimbo ule, maana alitunga, kwaya nzima ilimwona akiutunga na kuufundisha. Alimpa Mungu sifa, na sheria haimwandiki Mungu kwenye kitabu cha watunzi. Na haki ya mtunzi haizikwi naye. Hurithiwa kama shamba, na mrithi wa kwanza hapo ni Bochaberi. Kwa hivyo mwambie mama yako, kwa heshima, kwamba kumwachia Nyasae ni vizuri, ila kwa sasa aliyeachiwa ni Geoffrey na kampuni yake.

Lakini ile fomu usiijaze sasa, wala usiijaze peke yako. Si kwa sababu una hatia. Karatasi inayokutaka ukubali mahakama ya nchi nyingine haijazwi juu ya meza ya cherehani bila wakili kuisoma. Mahakama ya nyimbo na afisi ya uhamiaji si mlango mmoja, na sidhani karatasi za Duke zitaguswa, lakini "sidhani" yangu si ushahidi. Yeye ana wakili huko, amuulize. Na usithubutu kuweka ile video tena mtandaoni kwa chaneli yoyote kabla madai hayajaondolewa. Onyo la tatu litawazika wafu wa kanisa lenu mara ya pili. Wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote, mwambieni mtu anayejua akapakue maziko yote yaliyo kwenye chaneli, ayaweke kwenye diski ya kanisa, na familia kila moja ipewe yake kwenye flashi. Inanishangaza kwamba mliacha kilio cha watu wenu kwa mwenye nyumba asiyewajua, mkadhani kwa vile nyumba haina kodi haina masharti.

Kisha itisha kikao. Mwite mama yako, mumeo, mchungaji na mwalimu msaidizi wa kwaya, mkae kwa Geoffrey, si kwako. Mnachomtaka ni kitu kimoja na yeye anakiweza akiwa amekaa hapo hapo: aingie kwenye ile akaunti yake, aandikie kampuni inayosambaza kwamba video ya maziko iachiliwe, na jina la mtunzi libadilishwe liwe la Thadeus, na chochote kitakachopatikana kiende kwa mjane. Aliyefunga kwa funguo ndiye mwenye funguo. Asipotaka, ndipo mnakwenda kwa wakili na kwa afisi ya serikali inayoshughulikia hakimiliki, mkiwa na CD yenu na waimbaji wa kutoa ushahidi, na hapo hata hiyo fomu ya Amerika itajazwa na mtu anayeielewa. Lakini mpeni nafasi ya kutaka. Nadhani alipoelekea kwenye migomba ile alikuwa anatafuta mahali pa kuweka aibu.

Bwana Makori, najua utausoma ukurasa huu, maana wanaume hudai hawausomi. Mke wako hamshtaki kaka yako. Anamwomba arudishe jina la baba yake. Aliyekusimamia ulipokuwa huna kitu unamlipa kwa kumsaidia asimame sawa, na wewe ndiye unayeweza kumwambia maneno ambayo shemeji akiyasema yanakuwa matusi. Enda na mke wako kwenye kikao hicho, ukae upande wake.

Sasa narudi kwako, binti, kwa lile lililoniumiza kuliko yote, na wewe uliliandika ukalipita kama mtu anayeruka mfereji.

Okinyi ana kila kitu kwenye kadi ya kamera. Kila kitu, umeandika mwenyewe. Duke hahitaji chaneli ya kanisa ili amwone baba yake akizikwa. Anahitaji Okinyi akae kwenye kompyuta, aikate vipande vipande aitume kwa simu, au aiweke kwenye flashi ampe mtu wa kwenu anayesafiri, ifike kwa Duke mkononi. Huko hakuna mashine inayochungulia, na akaunti ya Okinyi haiguswi. Umehangaika na kampuni ng'ambo ya bahari mpaka ukasahau kamera iliyo mjini Kisii. Nakulaumu kidogo tu, kwa sababu msiba huchanganya, lakini nakulaumu.

Na hata hiyo kadi inaweza kungoja. Kaka yako alikuuliza swali moja, "Mbona mmenikatia pale?" Huyo alikuwa amekaa chumbani na tai shingoni, peke yake, anangoja kusikia jina lake, kiza kikaingia. Hakuwa anauliza habari za hakimiliki. Alikuwa anauliza kama bado ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Wewe ukamjibu kwa picha ya barua ya kampuni, na mpaka leo anaamini udongo ulitupwa bila yeye.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma hapa, weka nguo chini umpigie. Akisema yuko kazini, mwambie utangoja, na ungoje. Usianze na Geoffrey, usianze na fomu. Mwambie, "Hatukukukatia, tulikuwa tunaimba na Tata na hatukujua." Kisha mwambie maneno ya Baba mdogo yote, kama yalivyosemwa: "Duke, mwana wa Thadeus, huu ni mkono wako." Mwambie kwamba hakuna aliyetupa udongo kabla yake. Hayo hayakuwa kwenye albamu, mwanangu. Hayo ni yenu.

Pole tena.